Ugeni wa Mwenyeji: Fikra juu ya Mandari za Demani

Kusi ikishachoka, kuelekea mwisho wa mwezi wa Agosti, bahari ya visiwani hubadilika tabia. Mawimbi yaliyokuwa yakipiga miamba ya Makunduchi usiku na mchana hupunguza hasira, baridi ya kipupwe huondoka kidogo kidogo, na upepo huwa mwepesi usio na msimamo, mara watoka huku, mara watoka kule. Manahodha wa zamani waliupa wakati huu jina lake, nalo ni demani. Ni kipindi kifupi baina ya pepo mbili kubwa, ambacho hukoma pale mvua za vuli zinapoingia na kaskazi kuanza kujitayarisha. Katika demani mtu wa mjini hukumbuka kuwa kuna shamba, na mtu wa shamba hukumbuka kuwa kuna pwani. Masufuria ya wali hufungwa kwa vitambaa, mikeka hukunjwa, watoto hupakiwa garini, na familia nzima ikatoka kwenda mandari.

Kwa sura yake jambo hili ni dogo, na wengi hawaoni kuwa ndani yake limo swali. Lakini swali limo, tena ni zito. Mtu anapotoka kwenda kujifurahisha katika nchi yake mwenyewe, je, anafanya jambo la heri au anapoteza saa zake bure? Na ikiwa furaha hiyo anaipata mahali ambapo wenziwe wamo kazini, wakitoka jasho mbele ya macho yake, furaha hiyo ina uhalali gani? Na akishaipata, ana deni lolote kwa mahali alipoipata na kwa watu wake?

Watu wa visiwa hivi huishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mwezi, ambayo huongoza ibada. Kwa hesabu yake Ramadhani, Idi na Maulidi huizunguka miaka, zikaangukia mara wakati wa jua, mara wakati wa mvua. Ya pili ni ya jua, ambayo huanzia Nairuzi, siku ya mwaka, inayosherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Kutoka siku hiyo mabaharia na wakulima walihesabu siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, na kwa hesabu hiyo wakajua lini chombo kishushwe majini, lini shamba lifyekwe, lini mvua ingojewe. Demani imo katika kalenda hii ya pili. Hakuna ibada iliyofaradhishwa ndani yake wala sikukuu iliyotangazwa. Watu hutoka kwa sababu bahari imetulia, njia zimekauka, na jua halijawa kali. Kwa hiyo mandari ya demani ni starehe ya hiari kabisa, na kwa kuwa ni ya hiari, mwenye kuifanya hana wa kumsingizia; imbidi aulizwe yeye.

Nchi nyingine nazo zina majira yao ya kutoka. Katika nchi za kaskazini ya dunia kuna wakati majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, wakati ambao wafasiri wa Kiswahili huuita mara vuli, mara demani, ingawa kwa haki hauwi vuli wala demani. Wajapani wana neno maalumu la kutoka kwenda kuyatazama majani hayo, na likifasiriwa maana yake ni kuwinda majani mekundu. Mwindaji huyo aghalabu hurudi nyumbani mikono mitupu, na hajioni kuwa amekosa. Karibu zaidi, huko Omani ambako wengi wa visiwani wana jamaa zao, kuna kharifu ya Dhofari. Waarabu wa kwingine hulitumia neno hilo kwa majira ya majani kupukutika, lakini Dhofari kharifu ni majira ya kuchipua. Upepo ule ule ambao huku huitwa kusi, ukishavuka ikweta hupinda na kuvuma kutoka kusini-magharibi. Huyavuta juu maji baridi yaliyokuwa chini ya bahari, na ukungu ukajikusanya mbele ya milima ya Salala. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba milima ile huwa kijani, na familia za Maskati huendesha gari kiasi cha kilomita 1,000 kulivuka jangwa, ili wakae juu ya mkeka chini ya manyunyu na kunywa chai. Hakuna anayewaita wavivu. Kila umma, inavyoelekea, umejitengea wakati wa kuitazama nchi yake pasipo kuitaka kitu.

Hata hivyo wapo wanaoishitaki starehe hii, na mashitaka yao yastahiki kusikilizwa.

Mshitaki wa kwanza ni yule asemaye kuwa saa ni mali. Kwake yeye, mtu aliyekaa chini ya mwembe anakula mkate wa kumimina na kutazama mashua zinavyopita ni mtu aliyeacha jambo la maana nyumbani. Ikiwa kuna ada za shule za kulipwa na paa linalovuja, starehe ya nini? Shitaka hili lina nguvu katika nchi maskini, na halifai kujibiwa kwa kucheka. Lakini jibu lake lilikwishatolewa zamani, na watu waliokuwa mbali mbali kwa dini na zama. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliona kuwa watu hufanya kazi ili wapate faragha, kama wanavyopigana ili wapate amani. Na mwenye kuigeuza hesabu hiyo, akapumzika kwa ajili ya kazi tu, ameweka mlango mahali pa nyumba. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozungumzia malezi katika Ihya alisisitiza kuwa mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema, kwani kumzuia kucheza na kumlemea kwa masomo pasipo kikomo huua moyo wake na kuizima akili yake. Ikiwa haya yamkini kwa mtoto, hapana sababu ya kudhani kuwa moyo wa mtu mzima umeumbwa kwa chuma.

Zaidi ya hayo, kuna ujuzi usiopatikana kwa haraka. Mwenye kupita barabara ya Bububu kila siku kwenda kazini huijua barabara, wala haijui Bububu. Anayetoka na watoto wake asubuhi moja ya demani, akatembea taratibu chini ya mikarafuu, huona kuwa tumba la karafuu huanza kijani, likapiga manjano, kisha likaiva wekundu, na kwamba limpasa mchumaji aliwahi kabla halijachanua, kwani likishachanua thamani yake imekwenda. Huona kuwa minazi ya upande wa mashariki imeinama upande mmoja kwa kusukumwa na kusi miaka na miaka. Haya hayaandikwi katika daftari la mtihani, lakini aliyeyaona ana kitu cha kusema, na asiyeyaona hukopa maneno ya wenziwe.

Mshitaki wa kwanza basi aweza kuridhishwa. Mshitaki wa pili ni mgumu zaidi. Yeye hapingi mapumziko, bali huuliza: mapumziko ya nani, na juu ya mgongo wa nani?

Ili kulifahamu swali lake, mtu na apande Kidichi, katika vilima vya Unguja, ambako Seyyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Jengo bado lipo, na mapambo ya chokaa kutani mwake, ya maua na ndege kwa mtindo wa Kiajemi, bado yaonekana. Lilijengwa mahsusi kwa watu waliotoka mjini kwenda kutembea mashambani. Binti wa Sultani huyo, Salme, ambaye alizaliwa mwaka 1844 na kitabu cha kumbukumbu zake kikachapwa Ujerumani mwaka 1886, ameyaeleza kwa mapenzi makubwa maisha ya mashamba ya utoto wake. Hapana shaka kuwa mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mashamba yale yalilimwa na kuchumwa na watumwa. Njia moja ilipitwa na watu wawili: mmoja juu ya punda, ametandikiwa vizuri, anakwenda kupunga upepo, wa pili kwa miguu, ana pakacha kichwani, na haulizwi kama upepo anauona. Hali ya utumwa haikuondolewa na sheria katika Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo uzuri wa shamba, ambao hadi leo huwatoa watu mjini, uliumbwa kwa mikono ya watu ambao wenyewe hawakuwa na demani.

Zama hizo zimepita, lakini mshitaki hajamaliza. Atasema, na tutazame pwani ya leo. Tangu mwaka 1989 ulipoanza ukulima wa mwani wa biashara katika upande wa mashariki ya Unguja, wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiingia majini kila bamvua, maji yanapokupwa mbali, kuzifunga kamba zao na kuvuna. Kazi hiyo hufanywa kwa kuinama, jua utosini na chumvi mikononi, kwa saa chache ambazo bahari imezikubali. Na bamvua ndiyo hiyo hiyo apendayo mtembezi, kwani ndipo mchanga unapotanda na mtu akaweza kutembea mpaka karibu na mwamba. Wawili hawa hukutana mahali pamoja na saa moja. Mmoja ana kamba na vijiti. Wa pili ana kamera. Anayepiga picha huona rangi za kanga juu ya maji ya zumaridi, na anayepigwa picha huhesabu muda uliobaki kabla maji hayajajaa. Picha ile itapendeza, na bei ya mwani itabaki pale pale.

Je, kwa hoja hii mandari yaharamike? Wapo wenye moyo mwepesi ambao wangejibu ndiyo, wakajifungia majumbani kwa aibu. Lakini aibu ya namna hiyo haimpunguzii mtu kazi. Mwanamke wa Jambiani hafaidiki kitu ikiwa mtu wa mjini amekaa kwao akitazama televisheni; pengine hupungukiwa, kwani asiyemwona hatamjali. Tatizo la mwenye kamera haliko katika kufika kwake pwani. Liko katika daraja aliyojipa alipofika.

Na daraja hizo, zikichunguzwa vizuri, ni tatu. Mtu aweza kwenda mahali kama mwenye mali, kama mnunuzi, au kama mgeni.

Aendaye kama mwenye mali, mfano wa yule juu ya punda, huona kuwa kila kilichopo kipo kwa ajili yake. Huangua dafu pasipo kuuliza la nani. Aendaye kama mnunuzi ni mwema kidogo, kwani hulipa. Lakini akishalipa huona amemaliza, na chochote kisichouzwa hakimhusu. Utalii wa siku hizi, ambao visiwa hivi vimeutegemea sana kwa riziki, umewafundisha wengi kuwa hii ndiyo namna pekee ya kutembea. Hata mwenyeji amejifunza kujiona kuwa ni mnunuzi asiye na fedha, na ndiyo maana akiulizwa kwa nini hajapata kufika msitu wa Jozani, ulio kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, hujibu kuwa mambo hayo ni ya wazungu. Kima punju, ambaye hapatikani kwa asili yake popote duniani ila Unguja, anajulikana zaidi na wageni kutoka ng'ambo kuliko na watoto wa Ng'ambo ya mjini.

Daraja ya tatu ndiyo ya mgeni, na katika utamaduni wa pwani hii mgeni ana cheo kikubwa na masharti mazito. Siku ya Mwaka Kogwa, baada ya banda la makuti kuchomwa moto na wanaume kumaliza kupigana kwa magogo ya migomba, na hasira za mwaka mzima kutolewa uwanjani, kila nyumba ya Makunduchi hutaka kupata mgeni wa kula naye. Huhesabiwa kuwa ni nuksi nyumba kupitiwa na siku ile pasipo mgeni. Hapo mgeni si mzigo wala si mteja. Yeye ndiye anayeufungua mwaka. Wala cheo hicho hakimpi ruhusa ya kufanya apendalo. Hupiga hodi, na akikosa kuitikiwa mara ya tatu hurudi. Hukaa alipoonyeshwa. Hula alichopewa na kukisifu. Hatazami asichoonyeshwa.

Wahenga waliongeza sharti jingine waliposema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kwa kawaida kumkumbusha mgeni aondoke, na watu hucheka inaposemwa. Lakini imebeba falsafa nzima ya mapumziko. Haikumnyima mgeni siku zake mbili. Haikumwambia aone haya kwa kupumzika wakati wengine wanalima. Ilichokataa ni siku mbili hizo kuwa maisha. Kupumzika mbele ya afanyaye kazi ni halali kwa yule ambaye yuko tayari, siku yake ikifika, kulishika jembe. Na mwenye jembe naye apate siku zake mbili mahali pengine, kwa mwengine. Starehe inayozunguka ni ugeni. Starehe inayokaa upande mmoja daima ni dhuluma, hata kama imelipiwa.

Na uchukuliwe mfano wa familia iliyotoka Chake Chake asubuhi ya Jumapili, mwezi wa Septemba, mwaka ambao mikarafuu imezaa. Wamekwenda shamba kwa jamaa wa upande wa mama, kupunga hewa. Wanapiga hodi, bibi mwenye nyumba, ambaye ameketi juu ya jamvi mbele ya fungu la karafuu mbichi, anawaitikia na kuwakaribisha, anapokea shikamoo za watoto, kisha anauliza huku akitabasamu: "Haya wanangu, leo mmekuja kututazama au kutusaidia?" Baba anacheka na kusema, "Yote mawili, bibi." Jibu ni la mzaha, lakini watoto wanalichukua kwa kweli. Wanakaa jamvini, wanaonyeshwa namna ya kuchambua, karafuu huku na makonyo kule, kwa mkupuo mmoja wa kiganja. Mwanzo wanapasua matumba. Bibi hasemi kitu. Baadaye vidole vinazoea. Juu ya mti uliopo nyuma ya nyumba yumo kijana anachuma, na kila anaposogea tawi hulia. Mama anawaambia watoto wasisimame chini yake wala wasimwite, kwani kuanguka mkarafuu si habari ngeni, na wapo waliovunjika viungo na wapo waliokufa. Kabla ya adhuhuri watoto wanaona fungu lao limetimia nusu pishi, na mdogo wao anataka kulichukua nyumbani. Mama anamtazama binti wa makamo yao aliyekuwa akichambua kimya pembeni tangu alfajiri, kisha anasema, "Limimine kwenye fungu la mwenzio. Yeye hulipwa kwa pishi."

Katika mfano huu hakuna aliyeacha kustarehe. Wali uliliwa, madafu yalinywewa, na mchana watoto walishuka mtoni. Lakini walirudi mjini wanajua kuwa karafuu ina mti, mti una mchumaji, na mchumaji ana mizani yake. Harufu ilikaa vidoleni mwao siku mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya tatu ya methali, iliyotangulizwa.

Sharti la ugeni halihusu watu peke yao. Mahali penyewe pana haki. Magharibi ya Pemba kipo kisiwa kidogo cha Misali, ambacho hakina kijiji ndani yake, ila wavuvi hupiga dago huko kwa siku kadhaa, wakivua na kuanika. Husimuliwa kuwa zamani alifika hapo mja mwema, Nabii Hidhri, akataka msala wa kusalia; ulipokosekana, alisema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, kiwe misali ya msala. Mwaka 1998 kisiwa na maji yake vilitangazwa kuwa eneo la hifadhi, na katika miaka iliyofuata waliowaeleza wavuvi juu ya hifadhi hiyo walitumia hoja za dini: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na si mmiliki, na kwamba israfu ni israfu hata baharini. Wavuvi waliifahamu hoja hiyo upesi, kwani ilikuwa imo katika jina la kisiwa tangu hapo. Mtu hatupi taka juu ya msala, wala hauchani akishamaliza kuswali. Mtembezi anayeshuka Misali siku ya demani, maji yakiwa yamesafika hata matumbawe yakaonekana kutoka juu, amepewa kwa siku moja kitu ambacho wenziwe watakihitaji kesho. Na chupa ya plastiki anayoiacha mchangani ni sawa na nyayo za tope katika msala wa mtu mwengine.

Linabaki jambo moja ambalo wapenda ushairi watalihisi kwa ukali zaidi kuliko wengine. Mwenyeji asipotoka, hapotezi starehe tu, hupoteza maneno. Mtoto wa mjini leo aweza kulijua jina la kila mchezaji wa Ulaya, na asiweze kutofautisha kusi na kaskazi kwa shavu lake. Neno demani lenyewe linasikika kwa uchache, na likisikika wengine hudhani ni jina la mtaa. Lugha ya mashairi ya pwani ilijengwa na watu walioijua bahari kwa mwili: walipoitaja bamvua walikuwa wamewahi kukwama nayo, na walipomfananisha mtu na upepo wa tanga mbili walikuwa wamewahi kuupigania usukani. Mshairi asiyepata kuuona mkarafuu juu ya kilima atautaja katika beti zake kama pambo, na msomaji atajua. Kadhalika umma unaoiachia nchi yake itazamwe na wengine, mwisho wake hujiona kwa macho ya wengine hao, ukajipenda kwa kile kinachouzika na kukionea haya kisichouzika.

Sababu za kutotoka zipo, na si zote ni za uzembe. Nauli ni nauli. Zipo pwani ambazo zimezungushiwa kuta, na vijana waliozaliwa jirani nazo wamewahi kuulizwa na mlinzi wanakwenda wapi. Jambo hilo ni la sheria na la siasa, na linataka kusemwa mahali pake kwa sauti kubwa. Lakini njia iliyofungwa husahauliwa haraka zaidi na wale wasioipita. Kijiji ambacho watu wake wanakwenda pwani kila demani, na watoto wao na mikeka yao, ni vigumu kuambiwa kuwa pwani hiyo haina wenyewe. Kutembea pia ni namna ya kutoa ushahidi.

Kwa hiyo anayeuliza kama mandari ni haki au ni anasa, jibu lake hutegemea hodi aliyoipiga. Mwenyeji anapokubali kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, akaomba njia kwa anayelima, akasubiri mwenye mwani amalize kamba yake kabla ya kumsemesha, akanunua dafu kwa aliyelipanda na kulijua jina la aliyelipanda, starehe yake haimdhulumu mtu. Na anayekataa ugeni huo, hata akiwa amezaliwa hapo, na babu yake amezikwa hapo, hubaki mpita njia.

Demani haikai. Siku moja ya mwezi wa Oktoba au Novemba wingu jeusi huinuka baharini, wanawake hukimbilia majamvi kuzinusuru karafuu zisinyeshewe, na walioko mandari hukunja mikeka yao upesi na kukimbilia ukumbi wa karibu. Hapo ndipo hujulikana nani alikuja kwa namna gani. Wapo wanaokimbilia gari. Na wapo ambao, kabla ya kujinusuru wenyewe, hushika pembe ya jamvi upande wa pili na kusaidia kubeba.